Lohikeitto: maziwa yanakatika na samaki anavurugika, nakosea wapi?

Swali: Shikamoo, mpishi. Naishi Tampere, nimeolewa na Mfini. Kila nikipika lohikeitto, ile supu yao ya samoni na viazi, maziwa yanakatika, yanakuwa kama mtindi uliomwagiwa maji, na samaki anavurugika mpaka kipande huoni. Napika kama nilivyofundishwa nyumbani Tanga: namkamulia samaki ndimu kutoa shombo, nakaanga vitunguu na nyanya mbili, natia samaki na viazi, mwishoni maziwa. Mama mkwe wangu ni mtu wa Tornio, supu yake haina maziwa hata tone, unaona mpaka chini ya bakuli. Wifi yangu wa Turku anamimina krimu kopo zima. Ipi ndiyo ya asili? Na pilipili inaruhusiwa? Jumapili wanakuja wote wawili.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nitaanza na kosa, asili itafuata, maana Jumapili haingoji historia.

Maziwa yako yanakatwa na nyanya na ndimu. Hakuna mchawi mwingine. Ndani ya maziwa kuna proteini iitwayo kazeini, imesambaa katika chembe ndogo sana zisizoshikana kwa sababu zinasukumana. Ukitia kitu kichachu, msukumano ule unapungua. Ukiongeza na moto mkali, chembe zinagandana na maji yanajitenga. Wenye kutengeneza jibini wanaitafuta hali hiyo kwa makusudi. Nyanya mbili katika sufuria ya familia zinatosha kuianzisha, na ndimu iliyobaki mwilini mwa samaki inaimalizia. Nahisi pia unanunua maziwa mepesi, yale ya pakiti iliyoandikwa kevytmaito au rasvaton. Hayo kwa supu ni dhaifu kuliko yote. Krimu nzito, kuohukerma, yenye mafuta asilimia 35 au zaidi, huvumilia kuchemka na hata uchachu kidogo, kwa sababu ndani yake mafuta ni mengi na proteini ni chache. Katikati kuna ruokakerma, krimu ya kupikia yenye mafuta asilimia 10 hadi 15, ambayo kiwandani imeshatiwa vitu vya kuizuia isikatike. Kwa anayejifunza ningesema shika hiyo. Na nyanya iache kabisa. Nyanya na samaki ni ndoa nzuri, ila si katika sufuria hii.

Ndimu nayo ina sababu yake, sikulaumu. Samaki wa baharini ana kemikali mwilini inayomsaidia kuhimili chumvi ya maji. Akishakufa, bakteria huigeuza kemikali hiyo ikawa shombo, na asidi ya ndimu huifunga ile harufu isipae. Kwa changu aliyevuliwa alfajiri akafika sokoni saa nne jua likiwa limeshakolea, ndimu ni haki yake. Samoni wa dukani Tampere amelala kwenye barafu tangu alipotolewa majini. Akinuka shombo, usihangaike naye kwa ndimu, mrudishe alikotoka.

Badala ya ndimu tumia chumvi. Kata mnofu vipande vikubwa, upana wa vidole vitatu, unyunyizie kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa kila nusu kilo, uweke kwenye friji dakika 20, kisha ufute majimaji kwa karatasi ya jikoni. Nyama ya juu itakaza kidogo, na ule utando mweupe unaomtoka samoni akipata moto utapungua. Watu wengi hudhani utando huo ni mafuta au uchafu. Ni proteini ya samaki mwenyewe, na ukiuona mwingi ujue moto umezidi.

Hapo tumefika kwenye kuvurugika. Nyama ya samoni imepangwa tabaka kwa tabaka, na kinachozishikilia tabaka hizo ni tishu laini inayoyeyuka kwa joto dogo kuliko ya ng'ombe au mbuzi. Yeye huiva vizuri kati ya nyuzi 55 na 63 za Selsiasi. Wewe unamtia mwanzo pamoja na viazi, vinavyohitaji dakika kumi na tano au ishirini za kuchemka. Viazi vikiiva, yeye ameshakwisha zamani. Ukikoroga mara moja tu anatawanyika. Samaki anaingia mwisho kabisa, baada ya kila kitu kuiva, jiko likiwa limezimwa. Unampanga kwenye supu iliyo moto sana lakini isiyotoa mapovu, unafunika, unaondoka. Dakika tano hadi saba zinatosha.

Ukifunua mapema uangalie kipande kimoja kwa karibu, utaona rangi ile ya machungwa inayong'aa ikigeuka waridi hafifu kuanzia kingoni, ikiingia ndani polepole. Katikati kukibaki mstari mwembamba tu wa rangi ya kwanza, kipande kimefika. Joto lililobaki kwenye sufuria litakimaliza kabla hujapakua. Kuanzia hapo kijiko kisirudi ndani ya sufuria ila cha kupakulia. Ukitaka kuchanganya, shika sufuria masikio mawili uitingishe.

Lakini hata ukiyashika hayo yote, unaweza kupata supu nzuri kwa macho isiyo na ladha, na hapa ndipo nataka unisikilize zaidi. Lohikeitto huamuliwa na maji. Mpishi akiwa na maji mazuri ya mifupa, anaweza kutia krimu au asitie, akasifiwa. Akiwa hana, krimu lita nzima haitamwokoa. Supu ya mama mkwe wako ndiyo ushahidi: haina pa kujificha, na bado watu wanarudia bakuli.

Nenda kwenye kaunta ya samaki, si kwenye friji ya pakiti, uombe lohen perkeet, yaani kichwa, mgongo na mapezi yaliyobaki baada ya kutoa mnofu. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na mnofu. Kichwa ukipasue, utoe matamvua, yale mekundu ya kupumulia, kwa sababu yanatia uchungu na kuharibu rangi. Toa macho pia, na damu iliyoganda kando ya uti wa mgongo ikwangue kwa ncha ya kisu chini ya maji baridi mpaka iishe. Hatua hii watu huiruka, halafu wanashangaa supu yao imekuwa ya kijivu.

Weka mifupa kwenye maji baridi, lita moja na nusu kwa kichwa kimoja na mgongo. Tia kitunguu kilichopasuliwa, sehemu ya kijani ya liki (jamaa wa kitunguu mwenye shina refu), mashina ya tilli, chumvi kidogo, na punje kumi hivi za maustepippuri. Tilli ni lile jani la nyuzi nyembamba, jamaa wa shamari, ambalo Wafini hulitupia karibu kila kitu kuanzia samaki hadi viazi vipya vya Juni. Maustepippuri ni punje kubwa kuliko pilipili manga, zinanukia karafuu na mdalasini kwa pamoja ingawa ni kiungo kimoja, na asili yake ni Karibi na Amerika ya Kati, Jamaika ikiwa maarufu zaidi. Kwa pua ya mtu wa Tanga hilo si geni. Pandisha moto taratibu, engua povu jeupe linapopanda, halafu acha yatokote kwa upole, viputo viwili vitatu tu pembeni, dakika 20 hadi 30. Basi. Aliyezoea makongoro atashawishika kuyaacha saa tatu. Mifupa ya samaki ikizidishiwa muda hutoa uchungu na ladha ya gundi. Chuja, na nyama iliyobaki shavuni na shingoni usiitupe, ni tamu kuliko mnofu wenyewe.

Siku ya kazi, umetoka zamu ya usiku, tumia kidonge cha supu ya samaki, kalaliemi. Hakuna polisi. Kumbuka tu kina chumvi nyingi, kwa hiyo yako ipunguze.

Sasa asili. Mama mkwe na wifi wote wako sahihi, na kila mmoja atakuambia mwenzake amekosea.

Tornio iko mdomoni mwa mto Tornionjoki, unaotenganisha Ufini na Uswidi. Mto huo haujazibwa kwa bwawa la umeme, na hadi leo samoni wa Bahari ya Baltiki huupanda wakati wa kiangazi kwenda kutaga. Mtu wa huko amekua na samaki mbichi, mnene, ambaye mafuta yake mwenyewe huelea juu ya supu yakawa matone ya dhahabu. Kwake viazi, kitunguu, maustepippuri na kipande cha siagi vinatosha. Kutia maziwa ni kumfunika samaki shuka. Hoja hiyo utaisikia sehemu nyingi za kaskazini, na mimi naiheshimu.

Kusini na magharibi, kwao wifi yako wa Turku, wamezoea supu nyeupe, na hawakuibuni jana. Nyumba ya mkulima ilikuwa na ng'ombe, maziwa yaliingia kwenye vyakula vingi, supu ya samaki ikiwemo. Krimu kopo zima ndiyo jambo la karibuni. Mwishoni mwa karne ya 19 siagi ilikuwa miongoni mwa bidhaa kubwa Ufini ilizouza nje, na mkulima mwenye akili aliipeleka krimu yake kwenye siagi ya kuuza, si kwenye sufuria ya Jumanne. Siku hizi wako hata wanaoyeyushia humo jibini laini la pakiti, sulatejuusto, ili supu iwe nzito. Inalika, ila baada ya vijiko vitano unachosikia ni jibini.

Anayekuambia supu hii haijabadilika tangu enzi za mababu, muulize kiazi kilitoka wapi. Kiazi kilifika Ufini karne ya 18. Kabla ya hapo sufuria zilijazwa tanipu, mzizi mviringo wa kuliwa. Hata samaki mwenyewe amebadilika. Mashariki kidogo ya Tornio unapita Kemijoki, uliokuwa mmoja wa mito mikubwa ya samoni Ulaya. Baada ya Vita Kuu ya Pili nchi ilihitaji umeme, bwawa la Isohaara likakamilika karibu na mdomo wa mto mwaka 1949, na safari ya samoni kwenda juu ikakatika. Mito ya Oulujoki na Iijoki nayo ilizibwa. Ukimuuliza mzee wa Kemi habari hiyo, jiandae kukaa. Kisha Norwe wakaanza kumfuga samoni baharini, kazi iliyoshika kasi miaka ya 1970 na 1980, na samaki aliyekuwa wa sikukuu akawa wa katikati ya wiki. Kwa hiyo lohikeitto unayoiona kwenye mahema ya soko la Kauppatori pale Helsinki, au kwenye chakula cha mchana cha kazini kwako, kwa kawaida imepikwa kwa samoni wa kufugwa wa Norwe. Haina ubaya. Ana mafuta mengi na anavumilia makosa.

Kando yake kaunta itakuwa na samaki anayefanana naye, wa waridi vilevile, mara nyingi mwenye bei nafuu, ameandikwa kirjolohi. Huyo ni trauti wa upinde wa mvua, asili yake magharibi mwa Amerika ya Kaskazini, na ndiye anayefugwa zaidi Ufini kwenyewe. Kwenye supu mimi sioni tofauti ya kugombaniwa, nyama yake ni laini kidogo tu. Ndiye huyohuyo aliyepandikizwa na Waingereza enzi za ukoloni katika mito baridi ya Mlima Kenya, kwa hiyo msomaji wa Nyeri anaweza kuipika supu hii bila kupanda ndege. Wa Mwanza atumie minofu ya sangara. Itakuwa kalakeitto, supu ya samaki kwa jumla, ambayo Wafini wenyewe huipika kwa samaki yeyote wa ziwani aliyekubali ndoano.

Jambo moja la afya, kwa sababu una mkwe mwenye mto. Samoni mwitu wa Baltiki hubeba dioksini, sumu za viwandani zilizojikusanya baharini na kuingia kwenye mafuta ya samaki. Mamlaka ya chakula ya Ufini inashauri watoto, vijana na watu walio katika umri wa kuzaa wamle mara moja au mbili kwa mwezi, si zaidi. Akikuletea mnofu wa Tornionjoki, shukuru na upike, ila usiufanye wa kila wiki. Wa kufugwa hana sharti hilo.

Jumapili fanya hivi. Pika sufuria moja, imalizie kwenye mbili.

Jumamosi jioni pika maji ya mifupa, yachuje, yapoe haraka, yalale kwenye friji. Jumapili menya kilo moja ya viazi. Mifuko ya viazi huko ina rangi: kijani ni viazi vigumu visivyovunjika, njano ni vya matumizi yote, nyekundu ni vya unga unga. Chukua njano. Vitapukutika kidogo kingoni na kuipa supu uzito bila kutia unga wa ngano. Kata vipande vya kuingia mdomoni mara moja. Viweke kwenye maji ya mifupa yaliyopata moto, pamoja na karoti mbili, sehemu nyeupe ya liki iliyokatwa pete, jani moja kavu la laureli (laakerinlehti), na punje chache mpya za maustepippuri. Usikaange kitunguu. Kikishika rangi ya kahawia kinaleta ladha ya mchuzi, na mchuzi si tunachokipika. Kiazi kikipenyeka kwa kisu bila ubishi, onja chumvi, maana samaki naye ana yake.

Hapo gawa. Nusu hamishia sufuria ya pili, umimine desilita mbili za krimu ambayo umeitoa kwenye friji mapema isiwe baridi ya barafu, uipandishe mpaka ianze kutoa mvuke tu. Usiitie krimu halafu ukaichemsha kwa nguvu. Zima majiko yote mawili. Gawa gramu 800 za samaki kwa sufuria zote mbili, funika. Ukifunua, ya mama mkwe itie kipande cha siagi kiyeyuke juu, ya wifi siagi si lazima. Tilli iliyokatwakatwa, shada zima, iende kwenye zote mbili dakika ya mwisho kabisa. Ikipikwa inapoteza harufu na kubaki nyasi. Wafini kwa tilli hawana ubahili, nawe usiwe nao.

Mezani weka mkate mweusi wa rai (nafaka ya nchi za baridi), ruisleipä, na siagi yenye chumvi. Mwaka 2017, Ufini ilipotimiza miaka 100 ya uhuru, mkate huo ulichaguliwa kwa kura kuwa chakula cha taifa, kwa hiyo usiukosee adabu kwa kuweka slesi nyeupe. Ukiupata wa visiwani, saaristolaisleipä, mweusi na mtamu kidogo, wifi wa Turku atafurahi zaidi.

Hukuuliza, lakini wengi wetu huuliza faraghani: tumbo. Watu wazima wengi wa kwetu hawana tena kimeng'enya cha kutosha cha kusaga sukari ya maziwa, wakila supu ya krimu tumbo linaunguruma. Huko mnayo bahati. Tafuta neno laktoositon kwenye pakiti ya krimu. Valio, kampuni yao kubwa ya maziwa, ilianza kuuza maziwa yasiyo na laktosi mwaka 2001, na leo karibu kila aina ya krimu inapatikana hivyo. Hupikika vilevile.

Pilipili inaruhusiwa, ila nje ya sufuria. Katakata pilipili mbuzi moja, itie chumvi na ndimu uliyoipunguza kwa samaki, iweke kwenye kibakuli upande wako. Matone machache kwenye bakuli lililopakuliwa hayatakata krimu, na kwenye supu ya mama mkwe yanapendeza kuliko atakavyokubali kusema.

Ikibaki, toa vipande vya samaki uvihifadhi peke yake kwenye friji na supu peke yake. Kesho yake pasha supu bila kuichemsha, uzime, ndipo umrudishe samaki apate joto tu. Kuigandisha kwenye friza usijaribu: viazi vinageuka sifongo na krimu inajitenga.